Kiti cha Kasuku

Stika za mdhamini ziligoma kubanduka. Kasuku alishika draya aliyoazima saluni ya jirani, akaielekeza hewa ya moto kwenye mlango wa gari, na Fundi akawa anavuta pembe za herufi kwa kucha, taratibu, huku akinung'unika. Kwa misimu miwili mizima gari lile la mashindano lilikuwa limeandikwa jina la kampuni ya juisi kuanzia boneti hadi mkiani. Jana jioni kampuni ikapiga simu ya adabu kabisa. Iliishukuru timu kwa kazi nzuri, ikasema kuanzia sasa fedha zake zitakwenda kwenye shindano la kucheza muziki, na ikaomba jina lake litolewe kwenye gari mara moja.

"Kucheza muziki!" Fundi alisema, na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza asubuhi hiyo. "Sisi tunarusha gari hewani, wao wanakwenda kuwatajirisha wakata viuno."

"Na wewe ungekata kiuno kidogo, Fundi, labda tungebaki nao."

"Kwa mgongo huu? Wangeniletea gari la wagonjwa."

Kasuku alicheka mpaka draya ikataka kumponyoka. Alikuwa mtu wa kucheka hata mambo yakiwa yamemfika shingoni, na siku hiyo yalikuwa yamefika hapo hasa. Bila mdhamini hakuna tairi, hakuna mafuta, hakuna mshahara wa Fundi wala wa mafundi wenzake. Mashindano makubwa ya msimu yalikuwa yamekaribia, na timu ilikuwa haina hata mtu wa kumpigia magoti.

Herufi ya mwisho ilipotoka, wote wawili walirudi nyuma kuangalia, wakaguna. Rangi ya gari ilikuwa imepauka kwa jua kila mahali isipokuwa chini ya zile stika, kwa hiyo jina la juisi lilibaki pale pale, bichi, likisomeka vizuri kuliko mwanzo.

"Kumbe bado tunawatangaza," Kasuku alisema. "Tena bure."

Jina lake hasa lilikuwa jingine, zuri tu, alilopewa na baba yake, lakini gereji nzima hakuna aliyelitumia. Yeye alikuwa msoma ramani. Katika mashindano ya magari ya barabara za vumbi, dereva haijui njia. Hukaa mtu kwenye kiti cha pembeni, akamsomea kila kona kabla haijaonekana: kushoto tatu, kulia moja, shimo, daraja. Moja ni kona kali ya kukunja gari kama karatasi, sita ni kona ya kupita bila hata kugusa breki. Tangu gari linapoanza mpaka linapomaliza, mdomo wake haupumziki. Ndiyo maana wakamwita Kasuku, na yeye akakubali, maana aliyempa jina hilo alilisema kwa tabasamu ambalo hakuwahi kulisahau.

Na huyo aliyempa jina ndiye aliyeingia sasa, ameinama kama kawaida yake, kwani mlango wa gereji ulijengwa na watu wafupi. Walimwita Twiga. Urefu wake ulikuwa wa kuangua maembe bila ngazi, na kila alipoingia kwenye gari ilibidi ajikunje vipande vipande. Alikuwa na macho matulivu na maneno machache sana, na Kasuku alikuwa akimpenda kwa kiasi ambacho hakukuwa na haja ya kukificha, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikiona isipokuwa Twiga mwenyewe. Ndivyo alivyoamini.

"Mmekwisha kubandua?" Twiga aliuliza.

"Tumekwisha." Kasuku alizima draya. Asubuhi yote alikuwa na neno kooni, na sasa akaamua kulitoa kabla halijamnyonga. "Twiga, ni kweli timu ya magari ya bluu imekupigia simu?"

Twiga akaangalia viatu vyake. Fundi akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na kazi ya maana sana chini ya gari, akateleza huko na tochi.

"Imepiga."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi! Na mimi nilikuwa niambiwe lini? Au nisome kwenye gazeti kama watu wengine?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Namna gani? Si unafungua mdomo, maneno yanatoka? Wanamtaka nani?"

"Dereva."

"Dereva peke yake."

"Wana msoma ramani wao."

Kasuku aliikunja waya ya draya, akaikunja tena, ikawa fundo lisilofunguka. "Sawa. Na wewe umewajibu nini?"

Twiga aliinua macho akamtazama. Yalikuwa macho ya mtu mwenye mzigo mrefu wa kusema, na alifungua mdomo kabisa aanze. Hapo hapo nje ya gereji honi ikalia, ndefu, ya lori, na Kasuku akafumba macho kwa hasira. Honi ile aliijua tangu utotoni.

Lori la magodoro lilisimama mlangoni, limejaa mpaka juu. Aliyeshuka kwanza ni Shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kilemba kikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Baada yake akashuka Baba. Alikuwa mwenye kiwanda, mnene kiasi cha kuheshimika, na alikuwa na tabia moja: kila kilichomkabili alikibonyeza kwa kidole gumba. Alisalimiwa, akaitikia, kisha akaliendea gari, akaingiza mkono dirishani na kubonyeza kiti cha pembeni.

"Sponji nyembamba," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale. Siku za mashindano, wakati wenzake wanasikiliza matokeo redioni, Baba huzima redio, akaenda kiwandani peke yake na kupanga upya magodoro ambayo tayari yamepangwa. Kasuku aliyajua hayo kwa Shangazi. Baba mwenyewe hakuwahi kumwambia zaidi ya neno moja: acha.

"Nimesikia mdhamini wenu amewakimbia," Baba alisema. "Nimekuja kuchukua nafasi yake. Mtaandika jina la magodoro yangu."

Fundi alichomoka chini ya gari haraka mpaka akajigonga kichwa. "Mzee! Karibu, Mzee! Ila..." Alisugua kipaji cha uso. "Godoro kwenye gari la mashindano? Watu si watasema dereva wetu analala?"

"Waseme. Wakisema watakuwa wamelitaja, na wakilitaja watalinunua."

Hata Twiga alicheka. Kasuku alitaka kumkumbatia baba yake pale pale, akapiga hatua mbili, na kidole gumba cha Baba kikainuka kumzuia.

"Nina sharti. Ni moja tu. Wewe, mwanangu, ushuke. Kwenye kiti hicho akae mtu mwingine."

Fundi aliangalia sakafu yenye mafuta, na Kasuku aliuona uso wake kabla hajauficha. Unga wa watu wengi ulikuwa karibu kumwagika, na wa kuuzuia alikuwa yeye peke yake. Akikataa, timu imekufa leo. Akikubali, timu itaishi, na Twiga ataendelea kukunja kona na sauti ya mtu mwingine masikioni.

Alimgeukia Twiga. Neno moja tu lingemtosha. Twiga alikuwa amekaza taya, anamtazama Baba, na neno hilo halikutoka.

Basi, Kasuku alijiambia, kumbe ndivyo. Maumivu yalikuwa makali, lakini alikuwa binti wa mfanyabiashara, akapiga moyo konde.

"Baba, wewe dukani kwako, mteja akitaka godoro unamwambiaje?"

"Namwambia alilalie kwanza."

"Kwa nini?"

"Asije akanirudishia kesho." Baba alikunja uso. "Unataka kunipeleka wapi?"

"Unataka kununua kiti changu na hujawahi kukikalia. Kikalie. Uwanja wetu wa majaribio uko hapo nyuma, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Twiga ataendesha, mimi nitasimama juu ya kilima cha kokoto nimsomee njia kwa redio. Ukishuka ukiwa bado unataka niondoke, naondoka. Sitalia, sitanuna, sitakununia hata kwenye chai."

"Mimi? Kwenye kitu hicho?"

"Au unaogopa, kaka yangu?" Shangazi aliuliza kwa upole mkubwa, ule upole wake wa hatari.

"Nani anaogopa? Nileteeni kofia."

Kumvalisha Baba ilikuwa kazi ya watu wote. Helmeti iliingia kwa kusukumwa, zipu ya ovaroli ikagoma tumboni ikaachwa hapo hapo, na mikanda ya kiti, iliyopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, ilimfunga mpaka akalalamika kwamba hata furushi la magodoro hafungi hivyo. Vicheko vikawa vingi. Shangazi alitaka picha. Na katika purukushani hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kusema, hakuna aliyemwambia Baba sheria ya gari.

Sheria yenyewe aliitunga Kasuku. Katika mashindano yao ya mwanzo, Twiga alimjibu mzaha mmoja njiani, akapitwa na kona, wakaishia katikati ya shamba la mahindi la watu, mwenye shamba akawafuata na jembe. Tangu siku hiyo ikawa marufuku: kuanzia Kasuku anaposema "twende" mpaka anaposema "mwisho", dereva hana mdomo. Aulizwe, atukanwe, aimbiwe, hajibu. Twiga hakuwahi kuivunja hata mara moja.

Kasuku alipanda kilima cha kokoto na redio mkononi, Fundi na Shangazi nyuma yake wakihema. Kutoka juu njia yote ilionekana, imejizungusha chini kama utumbo. Njia ile aliijua kwa moyo, hakuhitaji karatasi. Redio ilikuwa imeachwa wazi upande wa gari, na pumzi ya Baba ndani ya helmeti ilisikika mpaka huku juu.

"Tayari, Baba?"

"Fanyeni haraka, nina mzigo wa kupeleka."

"Haya. Twende. Kulia tano, inafungua, kushoto tatu!"

Gari liliruka mbele, na kutoka redioni ikatoka sauti ambayo Kasuku hakuwahi kuisikia kwa baba yake.

"Mamaaa!"

"Anamwita mama," Shangazi alisema, akajishika mbavu. "Jamani, marehemu mama yetu, njoo umwone mwanao!"

"Shimo kushoto, shika kulia. Kulia mbili, usikate! Kushoto nne, ndefu, bado ndefu, bado... sasa achia!"

Vumbi lilipanda. Gari lilikwenda kila aliposema, kama kwamba maneno yake yalikuwa na mikono ya kushika usukani. Hata akiwa na hasira, hata moyo ukimuuma, Kasuku hakuweza kuizuia furaha hii. Mtu yule mrefu alimwamini kuliko macho yake mwenyewe. Je, mtu anaweza kukuamini hivyo na asikupende? Alijiuliza, akajipa jibu, akalikataa, akasoma kona iliyofuata.

Wakafika kwenye mnyooko mrefu wa nyuma ya machimbo, ambako kwa muda hakukuwa na cha kusoma. Baba akapata pumzi, na pumzi yenyewe aliitumia vibaya.

"Kijana! Nakuuliza! Wewe na binti yangu mna nini?"

Redio ilileta mngurumo wa injini tu.

"Nakuuliza wewe! Ndiyo maana nimepanda humu. Nilitaka nikupate mahali usipoweza kukimbia. Shangazi yake ananiambia mnapendana. Ni kweli?"

Injini.

"Mbona hajibu?" Shangazi alimshika Fundi mkono. "Ni domo zege kiasi hicho?"

"Sheria," Fundi alinong'ona. "Hajasikia 'mwisho'. Hawezi kujibu."

"Sheria gani ya kumnyima mkwe jibu?"

"Kulia tatu," Kasuku alisema, na sauti yake ilimtoka nyembamba. "Kisha kushoto moja, kali."

Breki, vumbi, gari likakunja. Baba alipiga yowe jingine, lakini hakuwa mtu wa kuacha mazungumzo katikati. "Unampenda mwenyewe, au unapenda tu kwamba anakusomea njia? Sema! ... Husemi. Haya. Nimekuelewa. Mtu aliyenyamaza amesema."

Nusu ya njia ilikuwa bado. Kasuku alijua la kufanya: asome mpaka mwisho, gari limalize safi, Baba ashuke. Lakini Baba atashuka na jibu ambalo si jibu, na atalibeba mpaka nyumbani, na hakuna atakayemtoa hapo. Wa kumfungua Twiga mdomo alikuwa mmoja tu duniani.

Kilichomzuia hakikuwa sheria. Aliogopa. Muda wote ambao Twiga amekatazwa kusema, yeye Kasuku hakulazimika kumsikia akisema hapana. Angeweza kukaa ubavuni pake kila wiki, kumpigia kelele, kumtania, kula karanga, na kujidanganya kwamba siku moja. Akimfungua sasa, mbele ya Fundi na Shangazi na Baba, atasikia chochote kilichomo.

"Simama," alisema.

Gari likasimama. Likasimama palepale, limepinda katikati ya kona, vumbi lake mwenyewe likalipita na kwenda mbele bila lenyewe. Fundi alishika kichwa. Katika maisha yake ya gereji hakuwahi kuona gari likisimama pale.

"Mwisho, Twiga. Mwisho umefika hapo hapo ulipo." Kasuku aliisogeza redio mdomoni. "Mjibu Baba."

Injini ilizimwa. Redioni zikasikika kokoto zikidondoka kutoka kwenye tairi.

"Mzee," sauti ya Twiga ilisema. "Kwanza shikamoo, maana pale gereji sikukusalimia sawasawa."

"Marahaba," Baba alijibu, amepigwa na butwaa. "Endelea."

"Timu ya bluu niliikataa juzi ile ile waliyonipigia."

Kasuku akakaa chini juu ya kokoto.

Fundi aliibonyeza redio mkononi mwake. "Na kwa nini hukumwambia huyu mtoto? Karibu aimeze ile draya."

"Kwa sababu angeniuliza kwa nini nimekataa. Na hiyo kwa nini ndiyo iliyonishinda kusema." Pumzi ndefu ikasikika. "Nampenda, Mzee. Si kwa ajili ya kusomewa njia. Nilianza siku ya kwanza aliyokuja gereji, alipobishana na Fundi kuhusu jeki. Alikuwa amekosea kabisa, na akakataa kabisa kukubali."

"Kweli tupu," Fundi alisema kwa dhati.

"Anakula karanga ndani ya gari, maganda anayaachia chini ya kiti changu. Nayaokota mimi, na siku ambayo hakuna maganda najua hayuko sawa. Usiku jirani yangu akimwelekeza mtu njia, nikisikia tu neno 'kushoto' moyo unaniruka. Nilikuwa nangoja tushinde kitu kikubwa ndipo nije kwako na uso wa kuonekana. Sasa hata mdhamini ameondoka, naona nitangoja mpaka nizeeke."

"Huyu mtoto anasema!" Shangazi alinong'ona, machozi yanamtiririka, mdomo unacheka. "Alikuwa amejaa kama tangi."

"Na sharti langu?" Baba aliuliza.

"Gereji nilinyamaza kwa sababu ningekujibu kwa hasira, na wewe ni baba yake. Jibu ni hapana, Mzee. Ukimshusha yeye, utafute na dereva. Mimi nitakuja kuomba kazi ya kuendesha lile lori lako, nibebe magodoro, ili mradi niwe napita karibu na kwenu."

Fundi alikuwa amevua kofia yake na kuikumbatia.

"Mwanangu," Baba aliita. "Uko hapo?"

"Nipo, Baba."

"Nikuambie kitu. Mimi tangu kona ya pili nilifumba macho."

"Nilijua!" Shangazi alisema.

"Sikuwa naona chochote. Nilikuwa nasikia tu. Ukisema kushoto, tunakwenda kushoto. Ukisema shimo, na kiti kinaruka. Nikajua kona kabla ya kona, na mimi nimefumba macho. Ikafika mahali nikaacha kuogopa gari, nikawa naogopa jambo moja tu, usije ukanyamaza." Akakohoa. "Siku zote nikilala macho wazi nilidhani gari hili ndilo linalokubeba wewe. Kumbe wewe ndiye unayelibeba. Sasa nikikutoa hapa nikaweka mtu mwingine, si nitakuwa nimemuua huyu mtoto wa watu?"

"Baba..."

"Kaa kwenye kiti chako. Magodoro yangu yataandikwa milango yote, na boneti, na hapo penye hilo jina la juisi paandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Na hicho kiti nitakiwekea sponji ya maana. Sikubali mwanangu akalie kitu kama kile."

Fundi alipiga ukelele, akarusha kofia, akamkumbatia aliyekuwa karibu, naye alikuwa Shangazi, na ilichukua muda kidogo kwa wote wawili kukumbuka kuachana.

"Lakini sijamaliza," redio ilisema. "Huyu hapa amesema lake, na kwa kweli amebadilika rangi, naona kama ataanguka. Wewe unasemaje?"

Kasuku alibonyeza kitufe cha redio. Akakiachia. Akakibonyeza tena. Mdomo wake, ambao haukuwahi kumwangusha kwa kasi yoyote wala kwenye kona yoyote, ulifunguka na hakikutoka kitu. Shangazi alimtazama, Fundi alimtazama. Akampa Fundi redio, akaanza kushuka kilima mbio, kokoto zikimkimbia chini ya viatu, mara akiteleza, mara akikaa na kuinuka tena.

Twiga alikuwa akijitoa garini, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha mgongo, na ilipofika zamu ya kichwa alijigonga kama siku zote. Wakasimama wanaangaliana, vumbi likiwatulia mabegani.

"Umesikia?" Twiga aliuliza.

"Tumesikia wote. Shangazi analia huko juu."

"Nimeongea sana."

"Umeongea sana. Mpaka maganda ya karanga umeyataja mbele ya baba yangu."

"Samahani."

"Usiombe samahani." Alikuwa akicheka, na machozi yalimtoka huku akicheka, na hakuyafuta. "Sasa mimi ndiye sijui pa kuanzia, Twiga. Mimi! Najua kusema nikiwa na kona mbele yangu. Hapa sina kitu cha kusoma."

"Sina haraka. Anzia popote."

Kasuku alivuta pumzi. "Nakupenda, bwana we. Nakupenda mpaka nilikuwa nakusomea kona huku nimekukasirikia, na bado nilitaka ufike salama. Kila nilipokuambia shika kulia nilikuwa nataka kukuambia hilo. Misimu miwili nakuambia hilo, wewe unakunja kona tu."

Twiga alivua glovu. Alimshika mikono yote miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyepewa kitu asichotaka kukiangusha, na Kasuku akaegemeza paji la uso wake kifuani pake, mahali pa juu kabisa alipoweza kufikia. Moyo wa mtu yule mtulivu ulikuwa ukienda mbio kupita gari. Akausikiliza, akashangaa kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kusema neno lolote.

"Jamani," sauti ilitoka ndani ya gari. "Hii mikanda inafunguliwaje?"

Hakuna aliyegeuka.

"Nasema nimefungwa. Tumbo linaniuma. Fundi! Yuko wapi Fundi?"

Twiga aliinamisha uso polepole, akasita, akatazama upande wa gari. Nyuma ya kioo, ndani ya helmeti iliyombana mashavu, Baba alikuwa amewakodolea macho yote mawili.

"Mimi niko hapa hapa," Baba alisema. "Nawaona."

Kasuku hakuinua hata kichwa. "Fumba macho, Baba," alisema.

Na Baba, aliyekuwa amekwisha kujifunza kufuata sauti ile, akayafumba.